Barua ya wazi: Wapeni wanafunzi wa tiba ya molekuli muda wa maabara

Waheshimiwa,

Barua hii inatoka kwa watu wanaofundisha, wanaosimamia tasnifu na wanaotunza mashine katika maabara za molekuli hapa Dar es Salaam. Tunawaandikia ninyi mnaosimamia elimu ya juu, afya, utafiti, ununuzi wa umma na forodha, pamoja na wakuu wa vyuo vyetu. Ombi letu ni moja, ingawa lina sehemu nyingi: mwanafunzi wa uzamili wa tiba ya molekuli, yaani fani ya kuchunguza magonjwa kupitia vinasaba, apate walau miezi tisa ya kushika pipeti (kifaa cha kuvuta vimiminika kwa vipimo vidogo) kwa ajili ya utafiti wake mwenyewe. Kwa utaratibu uliopo, wengi hawaipati.

Fani hii si ya anasa. Selimundu hutokana na herufi moja tu iliyobadilika kwenye jeni ya beta-globini, na maelfu ya watoto huzaliwa nao nchini kila mwaka. Muhimbili imekuwa ikifuatilia wagonjwa wa selimundu kiutafiti tangu 2004. Mkoani Kagera wamepatikana vimelea vya malaria wenye badiliko la R561H kwenye jeni ya kelch13, badiliko linalowafanya wachelewe kuondoka mwilini mgonjwa anapotumia dawa za artemisinini. Kifua kikuu sugu kwa rifampisini hutambuliwa kwa kuchunguza kipande cha herufi 81 kwenye jeni ya rpoB, na ndicho kinachochunguzwa na mashine za GeneXpert. Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba ya kwanza ya kuhariri jeni kwa wagonjwa wa selimundu. Tiba hiyo itakapobisha hodi Muhimbili, iwe Upanga au Mloganzila, nani atapima kama imefanya kazi? Ni hawa tunaowafundisha sasa.

Tuhesabu miezi pamoja. Shahada ina miezi 24. Mwaka wa kwanza wote huishia darasani. Baada ya hapo mwanafunzi huandika andiko la utafiti, hulisahihisha na kulitetea, miezi miwili au mitatu. Likipita ndipo linapokwenda kamati ya maadili, na kama sampuli zinatoka hospitali nyingine, barua za huko nazo husubiriwa: miezi mingine miwili au mitatu. Kibali kikitoka ndipo fedha inapofunguliwa na vitendanishi, yaani kemikali na vimeng'enya vya maabara, kuagizwa, na hapo inakwenda miezi mitatu au minne. Uandishi wa tasnifu na kuikabidhi kwa watahini unahitaji miwili ya mwisho. Kilichobaki kwa ajili ya maabara ni mwezi mmoja na nusu hivi, na hapo hatujahesabu siku hata moja ya umeme kukatika.

Matokeo yake mnayaona kwenye orodha za tasnifu, kama mkizisoma kwa makini. Mwanafunzi mwenye akili hupiga hesabu hii mapema, akachagua mada inayokamilika kwa mwezi mmoja: dodoso la uelewa na mtazamo, au uchambuzi wa takwimu zilizokusanywa na mtu mwingine. Utafiti wa aina hiyo una nafasi yake na tunauheshimu. Lakini mtu hawezi kuitwa mtaalamu wa tiba ya molekuli ilhali hajawahi kutoa vinasaba kwenye damu vikakataa kuzaliana kwenye PCR (mbinu ya kunakili kipande cha vinasaba mara nyingi), akatafuta sababu mpaka akaipata. Kutafuta sababu ndiko ujuzi wenyewe.

Tunaanza na lisilohitaji fedha nyingi. Mazoezi ya vitendo yaanze wiki ya pili ya muhula wa kwanza, kabla mwanafunzi hajajua hata mada yake. Yaanze na maji na mizani. Mwanafunzi avute mikrolita 100 za maji mara kumi na kuzipima kila mara kwenye mizani inayosoma sehemu ya kumi ya miligramu. Kila kipimo kisome karibu miligramu 100, na tofauti baina ya vipimo isizidi asilimia moja. Asiyefika hapo arudie kesho. Makosa huwa yale yale: kuachia kitufe kwa pupa hewa ikaingia kwenye ncha, kuzamisha ncha kupita kiasi hadi kioevu kikang'ang'ania nje yake, kushika pipeti ikiwa imelala. Pipeti zenyewe zihakikiwe walau mara moja kwa mwaka. Pipeti iliyopotoka kwa asilimia kumi haitoi ishara yoyote. Inaharibu tu kila kinachofuata.

Baada ya hapo lifuate zoezi la selimundu, ambalo tunaliona ndilo linaloifaa nchi hii kuliko yote. Badiliko lenyewe, GAG kuwa GTG, linafuta mahali ambapo kimeng'enya cha DdeI hukata. Ukizalisha kipande hicho cha jeni kwa PCR, ukakiwekea DdeI kwa saa moja kwenye nyuzi 37, kipande cha kawaida hukatika na cha selimundu hubaki kizima mahali hapo. Jeli ya agarosi ya asilimia 3, inayotenganisha vipande kwa urefu wake, inaonyesha tofauti kwa macho. Hakuna mashine ya mamilioni inayohitajika, na bado karibu kila fundisho la msingi limo humo. Kimeng'enya kisipomaliza kazi, mtu mwenye jeni mbili za kawaida ataonekana kana kwamba amerithi moja ya selimundu. Kwa hiyo praima, vile vipande vifupi vya vinasaba vinavyoelekeza PCR ianzie wapi, zichaguliwe ili kipande kiwe na mahali pengine pa DdeI pasipoguswa na badiliko; hapo pasipokatika kikamilifu, jibu halisomwi. Ujazo wa kimeng'enya usizidi sehemu moja ya kumi ya mchanganyiko, kwa sababu huhifadhiwa kwenye glisaroli, na glisaroli ikizidi asilimia 5 baadhi ya vimeng'enya huanza kukata pasipo pake. Kila safari ya PCR iwe na tundu moja la maji matupu badala ya vinasaba. Likitoa mstari kwenye jeli, kuna uchafuzi, na majibu yote ya siku hiyo yanatupwa bila mjadala.

Sampuli za zoezi hili ziwe zile ambazo majibu yake yanajulikana, zilizoondolewa majina na zenye kibali cha kufundishia. Wanafunzi wasijipime wao wenyewe. Kijana kugundua kwenye jeli, mbele ya wenzake, kwamba amebeba jeni ya selimundu bila ushauri wowote ni jambo tusilolikubali, hata kama mwenyewe ameridhia.

Mada ya utafiti itetewe pale tu mwanafunzi anapoleta majaribio ya awali mkononi: sampuli tano za vinasaba zenye uwiano wa ufyonzaji wa mwanga wa nanomita 260 kwa 280, kipimo cha usafi, ulio karibu na 1.8, na kama atatumia PCR ya kupima kiasi, mstari wa viwango vitano vilivyopunguzwa mara kumi kumi wenye mteremko kati ya -3.1 na -3.6. Mteremko wa -3.32 maana yake kila mzunguko unazidisha vinasaba mara mbili kamili. Ukitoka nje ya mipaka hiyo, tatizo liko kwenye praima, kwenye upunguzaji au kwenye uchafu uliobaki wakati wa kutoa vinasaba, na ni heri ligundulike kabla ya mgonjwa wa kwanza kutolewa damu. Jopo la utetezi likidai haya, nusu ya maswali tunayoulizana mwaka wa pili yatakuwa yamejibiwa.

Sasa vitendanishi, maana hapa ndipo fedha na muda vinapopotelea. Kichupa kimoja cha Taq polimerasi, kimeng'enya kinachonakili vinasaba kwenye PCR, chenye yuniti 500 kinatosha michanganyiko 800 ya mikrolita 25, ikiwa kila mmoja unatumia yuniti 0.625. Mwanafunzi mwenye sampuli 150, akizirudia zote mara mbili pamoja na sampuli linganishi, hafikishi nusu ya kichupa. Praima ndiyo zaidi: nanomoli 25 zikitumika kwa kiwango cha mikromola 0.2 zinatosha michanganyiko 5,000. Wanafunzi kumi wakiagiza kila mmoja vyake, nchi inalipia usafiri wa ndege mara kumi, vibali mara kumi na barafu kavu mara kumi, kisha vichupa vilivyobaki vinazeeka kwenye friza za ofisi hadi tarehe ipite.

Tunaomba bohari moja ndogo ya pamoja ya vitendanishi hapa jijini, itakayohudumia vyuo na taasisi zote zenye maabara za molekuli. Haihitaji jengo jipya. Inahitaji chumba chenye kiyoyozi na mlango unaofungwa, friji moja ya nyuzi 2 hadi 8, friza mbili za -20, friza moja ya -80, na fundi mmoja wa maabara mwenye ajira ya kudumu ambaye kazi yake ni hiyo tu. Friza za -20 zisiwe za aina inayojiyeyushia barafu yenyewe, kwani hupandisha joto kila siku na vimeng'enya huchoka bila mtu kujua. Bidhaa za kuanzia hazizidi ishirini: polimerasi, dNTP (herufi za kujengea vinasaba), agarosi, rangi ya jeli, ngazi za kupimia urefu wa vinasaba, vifaa vya kutoa DNA na RNA, maji yasiyo na vimeng'enya vya kuharibu RNA, ncha zenye chujio, praima za magonjwa yetu makuu, na kadhalika. Mwanafunzi achukue anachohitaji kwa ujazo anaohitaji, mradi wake utozwe kwa bei ya kununulia.

Kwa upande wa ununuzi, bohari iwe na mkataba maalum wa mwaka mzima na wazabuni kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, ili kila agizo lisianze zabuni upya. Na tunasisitiza kwa unyenyekevu: mtaalamu wa maabara aandike sifa za bidhaa, na aruhusiwe kukataa mzigo usiolingana nazo. Bei ya chini peke yake inatuponza. Mfano mdogo ni rangi ya ROX, inayosaidia mashine kusawazisha usomaji, kwenye mchanganyiko wa PCR ya kupima kiasi. Mashine nyingine zinaihitaji kwa wingi, nyingine kidogo, nyingine hazitumii kabisa. Mzabuni akileta isiyofaa, makaratasi yote yatakuwa sahihi na majibu yote yatakuwa mabovu.

Mzigo unapotua Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, saa huanza kuhesabu. Barafu kavu iko kwenye nyuzi -78.5 na huyeyuka kuwa gesi moja kwa moja. Sanduku la kawaida lenye kilo tano halitegemewi baada ya siku mbili au tatu, tena katika joto la Januari au Februari hapa mjini ni pungufu ya hapo. Mzigo uliofika Ijumaa jioni ukasubiri Jumatatu umeshakuwa hasara. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu uwanjani hapo. Vibali vya vitendanishi vya utafiti vishughulikiwe kabla ndege haijaondoka inakotoka, kwa kutumia ankara kifani na orodha ya bidhaa, ili kinachobaki baada ya kutua kiwe ukaguzi tu. Mzigo wenye alama ya UN1845, yaani uliofungwa kwa barafu kavu, utolewe ndani ya saa 24 hata siku za mapumziko. Na pawepo mahali pa kuongezea barafu kavu iwapo utachelewa kwa sababu yoyote.

Hapa kuna jambo ambalo hata baadhi ya mawakala wa forodha hawalijui. Si kila kitendanishi kinapenda kugandishwa. Polimerasi ikiwa kwenye glisaroli huvumilia saa kadhaa za joto la kawaida. Praima kavu husafiri hata kwa bahasha. Vifaa vingi vya kutoa vinasaba kwa safu za silika hukaa kabatini tu. Kinyume chake, shanga za sumaku za kusafishia vinasaba zikigandishwa huharibika, na vibamba vya kusomea vinasaba vya Nanopore lazima vikae kati ya nyuzi 2 na 8, kamwe visigande. Vibamba hivyo vina uhai wa wiki 12 hivi kwenye friji. Wiki nne za kungoja kibali zimekula theluthi moja yake kabla sanduku halijafunguliwa. Afisa anayeamuru mzigo wote uingizwe kwenye friza kwa nia njema anaweza kuharibu vilivyokuwa salama. Bohari ya pamoja itaondoa tatizo hili, kwa sababu kila sanduku litakuja na karatasi moja ya Kiswahili inayoeleza kila kitu kikae kwenye joto gani. Na palipo na vitendanishi vilivyokaushwa visivyohitaji baridi, tuvinunue hivyo hata kama bei imezidi kidogo.

Umeme. Jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka, na sekunde hizo zinatosha kuua PCR ya saa mbili. Kila mashine ya PCR iwe na UPS yake, yaani betri ya akiba. UPS za chumba kizima tumeona zikielemewa na kiyoyozi kilichochomekwa humo. Friza ya -80 inatoa joto jingi, hivyo ikibanwa ukutani katika chumba kisicho na kiyoyozi kompresa yake haidumu. Iachiwe nafasi, kichujio chake cha vumbi kisafishwe kila mwezi, iwekewe kengele inayotuma ujumbe wa simu kwa watu wawili, na friza moja ibaki tupu ikiwa baridi kwa ajili ya kuhamishia sampuli nyingine inapokufa. Wakuu wa vyuo wengi huiona friza tupu kama uzembe. Tunaomba msiiguse. Kwa friza za -20 kuna njia isiyogharimu kitu: gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache humo. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama, friza iliyeyuka na kuganda tena ulipokuwa haupo.

Kuhusu kamati za maadili, hatuombi ziwe legelege. Tunaomba mfuatano ubadilike. Msimamizi aombe kibali cha mradi mama wa miaka mitatu, unaoeleza ugonjwa, aina ya sampuli, fomu ya ridhaa na uhifadhi. Mwanafunzi aombe nyongeza ndogo kwa swali lake tu. Kamati inasoma kurasa tano badala ya hamsini. Maombi ya hospitali inakotoka damu yaende sambamba, yasisubiriane. Fomu ya ridhaa itaje wazi kwamba sampuli zinaweza kutumika kwa tafiti zijazo zitakazopata kibali, na kama mshiriki hataki, asaini hivyo. Friza zetu zimejaa damu za wanafunzi waliohitimu, damu ambayo hakuna mwenye haki ya kuigusa wala ujasiri wa kuitupa.

Na sampuli zenyewe zichukuliwe vizuri tangu wodini. Damu ya PCR ikae kwenye chupa ya EDTA yenye kofia ya zambarau. Heparini, kofia ya kijani, huzuia PCR, na mwanafunzi anaweza kupoteza mwezi akilaumu praima. Penye umbali na pasipo na baridi, matone ya damu kwenye karatasi ya chujio yanatosha kwa kazi nyingi za DNA: kitone cha mikrolita 50, kikaushwe kabisa usiku kucha kivulini, kifungwe na kifyonza unyevu. Hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi, na tone lililofungwa likiwa bichi huota ukungu. Kijiduara cha milimita 3 kina takriban mikrolita 3 za damu, kiasi kinachotosha kutafuta jeni ya selimundu au vimelea wa malaria wasio wachache mno.

Lipo pia suala la idadi ya sampuli, ambalo tunalielekeza kwa majopo ya vyuo. Kanuni ileile inayotoa watu 384 imegeuka desturi kwa kila andiko. Imetengenezwa kukadiria asilimia moja ya jambo moja kwa usahihi wa pointi 5 juu au chini. Haijibu swali la kama jeni fulani inaongeza hatari ya ugonjwa. Chukua badiliko linalobebwa na asilimia 5 ya jeni zote katika jamii: kati ya watu 384, wenye nakala moja au mbili watakuwa 37 hivi, na mwenye nakala zote mbili ni mmoja tu. Ukiwagawa hao 37 kati ya wagonjwa na wazima hupati jibu lolote la kutegemewa. Mwanafunzi aruhusiwe kufanya kazi ndogo yenye swali dogo lililo wazi, kwa mfano kuhakiki kipimo kipya dhidi ya kilichopo kwa sampuli 60, kuliko kulazimishwa idadi inayomaliza fedha bila kujibu kitu.

Uchambuzi wa takwimu za vinasaba unastahili barua yake. Itoshe kusema kwamba jenomu moja ya mtu iliyosomwa mara 30 ina takriban gigabaiti 100, na kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde kuihamisha ni saa 22 bila kukatika. Seva moja ya pamoja ndani ya jiji, yenye fundi wake na inayofuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ni bora kuliko kila idara kununua kompyuta yake na kuifungia kabatini.

Kati ya haya yote, tukilazimika kupanga, tunaomba bohari na utaratibu wa uwanja wa ndege vitangulie, kisha mradi mama kwenye kamati za maadili. Mazoezi ya muhula wa kwanza na majaribio ya awali kabla ya utetezi yanaweza kuanza mwaka huu wa masomo kwa uamuzi wa seneti za vyuo pekee. Orodha ya bidhaa ishirini za kuanzia, pamoja na sifa zake, ujazo na joto la kuhifadhia, tutaiandaa sisi bila malipo, na tuko tayari kukaa na maafisa wa ununuzi na wa forodha kuipitia mstari kwa mstari siku yoyote mtakayoipanga.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Walimu, wasimamizi wa tasnifu na mafundi wa maabara za molekuli
Dar es Salaam